Mabaka na Uvimbe wa Mishipa ya Damu kwenye Ngozi: Maswali Mnayoniuliza Kila Siku

Nafanya kazi kliniki ya ngozi, hospitali ya mkoa, na ngozi nimesomea Moshi. Maswali haya naulizwa kwenye benchi, kwenye korido, na sanasana WhatsApp usiku, mtu kanitumia picha ya mtoto kapigwa na mwanga wa balbu ya njano anauliza "hii nini?" Kwaiyo nimeamua kuyajibu sehemu moja. Haya ni matatizo ambayo mengi sio kansa kabisa, lakini yakipewa jina lisilo lake mtoto anaumizwa, nimeshaona.

Mbona hospitali moja wanasema hemanjioma, nyingine wanasema kasoro ya mishipa, nyingine wanasema ni baka tu litaisha?

Kwa sababu neno hemanjioma kwa miaka mingi limekuwa kama gunia, kila kitu chekundu au cha bluu chenye damu kinatupwa humo humo. Mwaka 1982 John Mulliken na Julie Glowacki kule Boston waliangalia seli zenyewe zinazotandika ndani ya mishipa, wakakuta kuna vitu viwili tofauti kabisa. Cha kwanza ni uvimbe wa kweli, seli zinazaliana, unakua alafu baadae unasinyaa. Cha pili seli zimetulia tu, ila mishipa yenyewe iliumbika vibaya mtoto akiwa bado tumboni, hiyo haizaliani, inapanuka na kukua mtoto anavyokua, na haiondoki yenyewe. Chama cha kimataifa cha wataalam wa mambo haya, ISSVA, kiliupokea mgawanyo huo 1996, wakaja kuupanua 2014 na 2018. Sasa tatizo ni kwamba hapo ni muda mrefu umepita lakini bado kadi nyingi ninazoziona zimeandikwa "hemanjioma" kwa mtu wa miaka 30 mwenye uvimbe wa bluu mguuni tangu utotoni, hiyo sio hemanjioma, hiyo ni kasoro ya vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo), na dawa ya moja haifanyi kazi kwa nyingine.

Ukikumbuka kitu kimoja tu hapa kumbuka hicho: tunaanza na lini imetokea na imekuaje, jina linakuja baadae.

Kwaiyo wewe ukiona mtoto swali lako la kwanza ni lipi?

"Siku anazaliwa ilikuwepo?" Alafu nanyamaza namsikiliza mama, au bibi, maana mara nyingi bibi ndo aliyemwogesha mtoto wiki za mwanzo na anakumbuka vizuri kuliko wote.

Akisema alizaliwa safi, au alikuwa na kadoa kapauka au kama kamkwaruzo, alafu baada ya wiki mbili tatu kakaanza kuvimba kakawa kekundu kama tunda, hapo nawaza hemanjioma ya watoto wachanga. Hii ina tabia yake, inakimbia kweli kweli kati ya wiki ya 5 na ya 7 hivi, na mtoto akifika miezi 3 inakuwa imeshafika kama asilimia 80 ya ukubwa wake. Nyingi zinamaliza kukua kwenye miezi 5. Kuanzia mwaka mmoja inaanza kufifia, katikati inageuka kijivu, inalegea, na kufika miaka 4 sehemu kubwa inakuwa imeshanywea. Inatokea kwa watoto kama 4 au 5 katika kila 100, zaidi wa kike, na zaidi njiti.

Akisema "alizaliwa nayo hivi hivi, kubwa, na wala haijaongezeka", kuna aina ya hemanjioma inayomaliza kukua tumboni kabisa. Kuna ambazo zinanywea haraka ndani ya mwaka wa kwanza, kuna ambazo hazinywei kabisa, na kuna za katikati, zinaanza kunywea alafu zinasimama.

Akisema "ilikuwepo, au tuliiona akiwa na miaka miwili, na kila akikua nayo inakua", hapo nawaza kasoro ya mishipa. Angalizo, kasoro zote mtoto anazaliwa nazo lakini sio zote zinaonekana siku ya kwanza, nyingine zimejificha ndani zinajitokeza akibalehe au msichana akipata ujauzito.

Ndo maana nawaomba wazazi picha. Simu zetu zina picha za mtoto tangu siku ya arobaini, zipange kwa tarehe, nikiona picha nne za mwezi wa kwanza mpaka wa nne mara nyingi nakuwa nimeshajua kabla sijamvua nguo.

Mtoto wangu ni mweusi, vitabuni wanasema alama "nyekundu angavu" mimi sioni wekundu wowote.

Swali zuri sana na naomba wahudumu nao walisome. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unajificha, baka linaweza kuonekana kama zambarau, kahawia iliyokolea, au ngozi imekuwa nyeusi zaidi tu kuliko pembeni yake. Hemanjioma ya juu juu bado inaonekana nyekundu mara nyingi maana imeinuka, ila ile ya ndani ya ngozi inakuwa kama uvimbe wenye kibluu au hauna rangi kabisa. Mtazame mchana dirishani, sio kwa taa. Chukua glasi safi ya maji kandamiza taratibu uangalie kupitia humo, rangi ikipauka ukiminya ikarudi ukiachia ujue ni damu iliyo ndani ya mishipa. Linganisha na upande wa pili wa mwili. Na gusa, joto halijali rangi ya ngozi.

Daktari alikuwa anabonyeza bonyeza, akamwinamisha mtoto, akaweka na kipimo cha moyo juu ya uvimbe. Alikuwa anatafuta nini?

Alikuwa anafanya kazi yake vizuri. Mkono unasema mengi kabla ya mashine.

Uvimbe laini, wa bluu, ukiuminya unatoka damu unabaki bapa, ukiachia unajaa taratibu, mtoto akilia au akiinama au mguu ukining'inia unavimba zaidi, hiyo inaelekea kasoro ya vena. Ukikuta humo ndani vitu vigumu vidogo kama kokoto, ni damu iliyoganda ikawa vijiwe, na wenyewe wanasema asubuhi wakiamka panauma.

Uvimbe wa moto kuliko ngozi ya pembeni, unadunda, ukiweka kiganja unahisi kamtetemo kama paka anakoroma, ukiweka kipimo cha kusikilizia moyo unasikia upepo unavuma, hapo ni ateri (mshipa unaotoa damu kwenye moyo) imeunganika moja kwa moja na vena bila vimishipa vidogo vya katikati. Hii ndo ninayoiogopa kuliko zote kwenye orodha hii. Sio kansa, ila ikichokozwa inapanda. Kuna binti aliletwa kwetu sikio limevimba, lina joto, alishapasuliwa sehemu kwa kudhaniwa ni jipu, ilivuja damu mpaka ikabidi aongezewe chupa za damu, na baada ya miezi michache ikawa mara mbili ya mwanzo. Hamna mtu aliyekuwa ameigusa kwa kiganja kusikia inadunda. Kiganja ni bure jamani.

Uvimbe kama mfuko wa maji, shingoni au kwapani, hauminyiki ukaisha, chumba kikiwa giza ukimulika tochi pembeni mwanga unapita ukang'aa kama taa ya kandili, hiyo ni kasoro ya mishipa ya limfu, ile inayobeba majimaji ya mwili badala ya damu. Wakati mwingine juu ya ngozi kunakuwa na vilengelenge vingi vidogo kama mayai ya chura, vingine vina damu. Akipata mafua tu uvimbe unaongezeka ghafla, wazazi wanachanganyikiwa, ikipita unapungua.

Altrasaundi inatosha au mpaka MRI? Maana MRI ni hela.

Kwa hemanjioma ya kawaida ya mtoto, ambayo historia imenyooka na jicho limeiona, haihitaji kipimo chochote. Nasema tena, haihitaji. Kuna watu wamechangishana ukoo mzima kwa kipimo ambacho hakikuwa na kazi.

Ikiwa haieleweki anza na altrasaundi yenye Dopla, ile inayoonyesha damu inavyokimbia kwa rangi. Mwombe anayepima aandike mambo matatu: kuna nyama ngumu au hamna, damu inakimbia haraka au polepole, na ukiminya inaisha au la. Hemanjioma inayokua ni nyama imejaa mishipa na damu inakimbia. Kasoro ya vena ni vishimo vinavyominyika, damu inatambaa, saa nyingine rangi haionekani mpaka abane pumzi. Ya limfu ni vifuko vyenye kuta nyembamba na ndani hakuna damu inayotembea. Ya ateri na vena hamna nyama, ni mishipa tupu imesokotana, na vena inadunda kama ateri. Ripoti inayosema tu "uvimbe wa mishipa ya damu" haijanisaidia kitu, nairudisha kwa heshima.

MRI tunaitaka pale tunapotaka kujua imeingia mpaka wapi, kwenye msuli, kwenye kiungo, nyuma ya jicho, kabla ya kuchoma sindano au kupasua. Na X-rei ya kawaida usiidharau, vijiwe vya kasoro ya vena vinaonekana humo kama vidoti vyeupe vya duara, kwa bei ndogo.

Damu nayo inasaidia kidogo. Kwenye kasoro kubwa za vena kipimo cha D-daima mara nyingi kinakuwa juu kwa sababu damu inaganda na kuyeyuka humo ndani kila siku.

Kwanini wasikate kinyama wakapime wamalize?

Kwa nyingi kukata hakuongezi kitu, na ile inayodunda ukiikata kiholela utaitafuta damu. Ila kuna wakati kinyama ni lazima: uvimbe mgumu kama jiwe, unaokua muda ambao hautakiwi kukua, mpaka wake haueleweki, au umri haulingani na hadithi. Hapo tunaogopa uvimbe mbaya unaojifanya wa mishipa.

Maabara kuna rangi maalum inaitwa GLUT1, hemanjioma ya watoto wachanga inashika, ile ya kuzaliwa nayo kamili haishiki, kasoro za mishipa nazo hazishiki. Kwaiyo kipande kimoja kinaweza kumaliza ubishi wa miaka. Mpe mtu wa patholojia, yule anayechunguza vinyama kwa darubini, historia yote kwenye fomu, usimwandikie "uvimbe mguuni" tu, yeye hajamwona mtoto.

Dalili zipi nisisubiri tarehe ya kliniki?

Hemanjioma karibu na jicho, hata ndogo. Ikiziba au ikikandamiza jicho la mtoto mchanga ubongo unajifunza kutolitumia na uono unapotea ingawa jicho ni zima.

Iliyokaa eneo la ndevu, yaani kidevuni, mashavuni chini, mbele ya shingo, hasa mtoto akianza kutoa sauti anapovuta pumzi au akawa anakwaruza akilia, maana inaweza kuwa na mwenzake ndani ya koo. Hiyo ni ya kukimbia leo.

Zikiwa 5 au zaidi kwenye ngozi, hata kama ni punje punje, mtoto apigwe altrasaundi ya ini. Kubwa imetandaa usoni zaidi ya sentimita 5 inahitaji kuangaliwa ubongo, moyo na macho, kuna kundi la matatizo linalotembea pamoja linaitwa PHACE. Iliyo katikati ya mgongo chini kwenye kiuno, uti wa mgongo uangaliwe.

Iliyopata kidonda, mdomoni au sehemu za nepi ndo zinapenda, mtoto analia ukimwosha, wengine wanadhani ni nepi imemuunguza.

Na hii ya mwisho, uvimbe wa zambarau unaovimba ghafla, mgumu, umekaza, na mwili unatoa michubuko au vidoti vya damu, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zinaweza kuwa zinamezwa humo ndani. Hiyo sio hemanjioma ya kawaida, ni uvimbe mwingine wa mishipa, na inaua mtoto ikicheleweshwa. Mpeleke hospitali kubwa yenye damu na madaktari wa watoto.

Nimeambiwa "subiri itaisha". Nisubiri?

Inategemea waliita nini na waliangalia nini. Kwa hemanjioma ndogo kwenye ngozi ya tumbo au mgongo ndio, subiri na upige picha kila mwezi. Lakini zile nilizotaja juu dirisha lake la dawa ni fupi, mtoto wa mwezi mmoja ndo wa kuonwa, sio wa miezi 8. Na "itaisha" haimaanishi ngozi itarudi kama haijawahi kuwa nayo, nyingi zinaacha ngozi iliyolegea au vimishipa au kamafuta.

Niseme langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwambia mama mmoja wa mtoto wa miaka 6, mdomo una uvimbe wa bluu, "itaisha mama, usiwe na wasiwasi". Nilisikia neno hemanjioma kwenye kadi nikaliamini. Hemanjioma gani inakua miaka 6? Ilikuwa kasoro ya vena, akarudi na miaka 9 mdomo umeshashuka na meno yamesukumwa. Tangu siku hiyo kadi naisoma ila namuuliza mama upya, kama vile hakuna aliyeandika kitu.

Nasikia kuna dawa ya moyo inatibu, nikanunue?

Usinunue. Propranololi kweli inafanya kazi, iligundulika Bordeaux, Ufaransa, Christine Léauté-Labrèze na wenzake waliona hemanjioma zinanywea kwa watoto waliopewa dawa hiyo kwa ajili ya moyo, wakaandika 2008. Lakini inashusha sukari kwa mtoto asiyenyonya vizuri, inapunguza mapigo, inabana kifua cha mwenye pumu. Inaanzwa na daktari baada ya kumpima, mtoto anapewa akiwa amenyonya, na akiharisha au kutapika unasimamisha unapiga simu. Na kwa swali letu la leo, propranololi haitibu kasoro ya vena wala ya limfu. Mtu akikwambia mtoto katumia mwaka mzima bila kubadilika, kabla ya kulaumu dawa uliza tena jina la ugonjwa.

Alama nyekundu kisogoni na kwenye kope tangu kuzaliwa?

Zile bapa, zinakolea akilia, ni za kawaida sana kwa watoto wachanga. Za kope na paji la uso nyingi zinafifia mwaka wa kwanza au wa pili, ya kisogoni inaweza kubaki na nywele zinaifunika. Hamna cha kupima.

Na baka la rangi ya mvinyo, nusu uso?

Hilo sio lile la juu, halififii, linakolea na ngozi inanenepa umri ukienda. Ni vimishipa vidogo vilivyopanuka, mwaka 2013 iligundulika mengi yanatokana na badiliko kwenye jeni inaitwa GNAQ, badiliko lililotokea mtoto akiumbika tumboni. Sio la kurithi kwa baba wala mama, na sio kitu alichokula mama akiwa mjamzito, naomba mashangazi waache kumsumbua huyo mama. Likiwa limeshika paji la uso na kope ya juu, presha ya jicho ipimwe mapema na irudiwe, na ukiona degedege upande mmoja useme haraka, ubongo unaweza kuwa umehusika.

Kuna kinyama kimeota kidoleni ndani ya wiki mbili, nikigusa tu damu inachuruzika.

Hii inapenda watoto, vijana, na kwenye ufizi wa wajawazito. Jina lake la kizamani, pyogenic granuloma, linataja usaha wakati usaha haumo, ni mafundo ya vimishipa tu, sio kansa. Ya ufizi wa mjamzito mara nyingi inapungua akishajifungua. Zinakatwa na kuchomwa kwa umeme, dakika chache.

Lakini hapa kwetu siruhusu kinyama hicho kitupwe kwenye ndoo. Kipelekwe patholojia, kila kimoja. Kansa ya Kaposi inaweza kufanana nacho, wadudu wa Batonela kwa mtu mwenye kinga ndogo nao wanaleta vinyama hivyo hivyo vyekundu na hao wanatibika kwa antibayotiki, na melanoma (kansa ya ngozi) isiyo na rangi inajificha kidoleni na chini ya unyayo. Kipimo cha VVU nitakuomba pia, sio kwamba nakushuku, ni kwamba kinabadilisha ninachotafuta.

Baba ana vidoti vyekundu kifuani, vinaongezeka.

Kuanzia miaka 30 kwenda mbele vidoti vya duara vinavyong'aa ni vya umri, havina neno. Tofauti ni kile chenye kidoti katikati na vimiguu kama buibui, ukiminya katikati miguu yote inapotea ikijaa tena kutokea katikati. Kimoja viwili sawa, mjamzito navyo kawaida, ila vikiwa vingi kwa mwanaume apime ini.

Bibi anataka achanjwe, au tufunge uzi uanguke.

Namheshimu bibi, anampenda mjukuu. Mwambieni hivi: wembe ukiingia kwenye uvimbe unaodunda damu haitasimama kwa majivu, na uzi unaleta kidonda na maambukizi. Na mkichanja kabla sijaona, makovu yananiharibia ninachokuja kusoma.

Nikija kliniki nibebe nini?

Kadi ya kliniki ya mtoto na uzito wa kuzaliwa. Picha zenye tarehe, hata za harusi ya shangazi alizobebwa mtoto. Ripoti na karatasi zote za vipimo na CD za picha, msiziache kwenye gari. Kama kuna kinyama kilishakatwa mahali, namba ya maabara, maana kipande kinahifadhiwa na kinaweza kutolewa kikapakwa rangi upya bila kumkata mtoto tena. Na mje na yule aliyemwogesha wiki za mwanzo.